Jirani Tusiyemwona

Kila Jumapili makanisa yetu hujaa. Watu hutoka mbali, wengine kwa miguu, wamevaa nguo safi, wamewashika watoto wao mikono. Husali, huimba, hutoa sadaka, hupokea Ekaristi Takatifu, kisha hurudi makwao. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo, maana si nchi zote zilizojaliwa kuwa nayo. Lakini Jumatatu asubuhi waumini hao hao ndio wafunguao maduka sokoni, ndio waketio nyuma ya meza za ofisi, ndio washikao usukani wa magari, ndio wagawao dawa katika zahanati na kupima mazao ya wakulima. Basi, kama Wakristo ni wengi hivyo siku ya Jumapili, yatupasa kuuliza: mbona siku ya Jumatatu hawatambulikani? Mbona mizani yadanganya, maziwa yametiwa maji, na faili la mjane halipatikani mpaka atoe kile kiitwacho "chai"?

Wako wanaojibu kwamba hayo ni mambo ya serikali na polisi. Dini ni sala, na kazi ni kazi. Jibu hilo Kanisa halilikubali. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa mwezi Desemba mwaka 1965, uliuhesabu utengano huo kati ya imani na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa makubwa ya nyakati zetu. Kabla ya Mtaguso, tangu siku za Mitume, Mtakatifu Yakobo alikwisha kufundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Hayo twayajua, nasi tuliyafundishwa katika katekisimu. Leo twataka kuuliza neno moja zaidi: hayo matendo mema tunamdai nani, na tunadaiwa na nani? Jirani yetu ni yupi?

Katika mfano wa Msamaria mwema Bwana wetu asimulia kwamba yule msafiri alimwona mtu aliyejeruhiwa, akamhurumia. Aliona kwanza, ndipo moyo wake ukaguswa. Kwa kawaida wema wetu pia hufuata macho, na katika wema wa namna hiyo watu wetu hawako nyuma. Kukitokea msiba, majirani hukusanyika bila kuitwa. Akina mama huleta kuni na unga, vijana huchimba kaburi, wazee hukaa na wafiwa usiku kucha, na rambirambi huandikwa katika daftari hata ya yule aliyetoa shilingi chache. Hapo hakuna aulizaye dini ya marehemu. Mwislamu humzika jirani yake Mkristo, na Mkristo vivyo hivyo. Wema huo ni mali ya thamani tuliyorithi kwa wazee wetu, na aupuuzaye hajui anachokipoteza.

Hata hivyo tumwangalie mtu yule yule aliyekesha msibani jana. Leo yuko ghalani, naye anapunguza kilo mbili tatu katika mzigo wa mkulima aliyetoka kijiji asichokijua. Je, jana alikuwa akijifanya? Hatudhani hivyo. Machozi yake ya jana yalikuwa ya kweli. Jana moyo wake ulikuwa na uso wa mtu wa kuutazama, na leo haukuwa nao. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, nasi tusipoutambua tutazidi kuhubiri juu ya upendo bila kugusa kidonda.

Zamani mfinyanzi alimjua mtu atakayekunywa maji ya mtungi wake, na mhunzi alimjua atakayelima kwa jembe lake. Akifanya kazi mbaya, aibu ilimrudia kabla ya jua kuzama. Siku hizi kazi za mikono yetu husafiri. Fundi afungaye breki za basi mjini Morogoro hatawajua abiria watakaoshuka nalo milima ya Iringa. Muuza dawa aliyebadilisha tarehe kwenye kopo hatamwona mtoto atakayeimeza. Mhandisi aliyepunguza saruji katika nguzo atakuwa amestaafu siku wanafunzi watakapokaa chini ya dari ile. Mikono yetu imekuwa mirefu kuliko macho yetu. Ndiyo maana mtu aweza kudhuru wengi katika maisha yake, akafa akisifiwa na mtaa mzima kwamba alikuwa mtu mwema.

Juu ya jambo hili Mungu ametupatia mwalimu, naye ni kijana wa Afrika, tena wa mji ambamo Kiswahili chasemwa kila siku. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981 mjini Goma, mashariki ya Kongo. Alisomea sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 alikuwa akifanya kazi hiyo mjini Goma, mpakani na Rwanda. Pakaletwa mchele ulioharibika, nao wenye mzigo walitaka upite. Kijana huyo akaahidiwa fedha ili afumbe macho; akakataa. Akasongwa na watu wenye uwezo. Akakataa tena, na chakula kile kibovu kikateketezwa. Mwaka huo huo alitekwa, akateswa, akauawa.

Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja kijana huyo mbele ya maelfu ya vijana mjini Kinshasa mwezi Februari mwaka 2023, akawapa mfano wake ili waushinde ufisadi. Mwishoni mwa mwaka 2024 Kanisa lilikiri kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Wasomaji wetu na walitafakari jambo hilo. Wafiadini wa Uganda, tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni, walidaiwa waikane imani yao, wakakataa. Mwenyeheri Floribert hakuambiwa na mtu amkane Kristo. Hakuna aliyemkataza kwenda Misa wala aliyemnyang'anya rozari. Aliombwa saini tu. Wenye mzigo wangemwacha asali apendavyo siku zote za maisha yake, mradi mchele upite. Na Kanisa, baada ya kulipima jambo hilo, limesema kwamba kule kuikataa saini kulikuwa ni kumkiri Kristo. Basi, nani ataendelea kusema kwamba dini ni sala, na kazi ni kazi?

Tena tutazame ni nani aliyefaidika na uaminifu wake. Hatuwezi kumtaja hata mmoja. Hakuna mama wa Goma awezaye kusema, "Mwanangu aliponea kwa kijana yule," kwa sababu mchele ule haukufika jikoni, na mtoto aliyeokolewa hakuugua hata kidogo. Msamaria alimwona majeruhi wake, akamfunga vidonda, akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Floribert alikufa kwa ajili ya jirani asiyemwona, ambaye naye hakumjua, wala hakumshukuru. Wazee walituambia kwamba ukitenda wema uende zako, usingoje shukrani. Hapa hata mtu wa kushukuru hakuwapo.

Lakini moyo wa namna hiyo hauoti kwa siku moja. Kijana huyo alikuwa mshiriki wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na kabla ya habari ya mchele alikuwa amezoea kuwaendea watoto wa mitaani wa Goma, wale ambao wapita njia huwakwepa. Alikaa nao, akawajua, akajali masomo yao. Twaamini kwamba hao ndio waliomfundisha. Mtu aliyekwisha kumtazama mtoto mwenye njaa usoni hawezi tena kuutazama mfuko wa mchele mbovu kama mfuko tu, huwaona watakaoula. Mtakatifu Yohane aandika kwamba asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona. Nasi twaweza kusema kwamba upendo kwa ndugu aonekanaye ndio shule ya kutufikisha kwa ndugu asiyeonekana. Imani ni kuwa na hakika ya mambo yasiyoonekana. Aaminiye kwamba Kristo yumo katika kipande cha mkate kilichowekwa wakfu, atashindwaje kuamini kwamba yumo katika mtu atakayekula mchele ule, ingawa yuko mbali?

Hapa twasikia manung'uniko, wala si haki kuyapita kimya.

Wa kwanza asema: "Mkono mtupu haulambwi." Methali hiyo imetendewa vibaya. Imegeuzwa kuwa sheria ya ofisi, kana kwamba mwananchi aliyekwisha kulipa kodi amekuja mikono mitupu. Mtumishi anayelipwa mshahara kwa kazi fulani, akitaka alipwe tena na mhitaji, anauza kitu ambacho si chake. Pamoja na hayo twataka kupambanua. Mama aliyetoa fedha kwa sababu mtoto wake alikuwa akikata roho, na mlango wa wodi haukufunguliwa mpaka atoe, hatia yake si sawa na ya yule aliyezipokea. Mafundisho ya maadili husema kwamba kulazimishwa hupunguza hatia. Mama huyo ni majeruhi wa njiani; asihesabiwe pamoja na wanyang'anyi.

Wa pili asema: "Nisipopokea mimi, atapokea mwingine, mchele utapita tu." Huenda ukapita. Lakini hatutaulizwa juu ya dhambi ya mwingine. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kule Yordani na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, wala hakuwaagiza waibadili dola ya Kirumi kwanza. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Kila mmoja alipewa wajibu wake mahali pake. Wazee wetu wakumbuka kwamba hata chama cha TANU, ambacho hakikuwa cha dini yoyote, kilimwapisha kila mwanachama asipokee wala asitoe rushwa, na akihesabu cheo kuwa ni dhamana. Mwanachama hakuambiwa angoje mpaka wenzake wote wawe waaminifu.

Wa tatu asema: "Watoto wangu watakula nini?" Swali hili ni zito kuliko yote, nasi twalijibu kwa heshima. Hatusemi kwamba mwaminifu hulipwa sikuzote hapa duniani. Floribert hakulipwa. Wako waliohamishiwa mbali kwa sababu ya uaminifu, wako waliopoteza kazi, wako waliochekwa na ndugu zao wenyewe. Mwenye kuahidi kwamba wema hauna gharama hahubiri Injili. Tena twakumbusha kwamba wenye kuajiri nao wana deni. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira wa mfanyakazi wapaswa kumtosha aishi kama mtu. Anayemlipa mtumishi mshahara usiotosha hata nauli, kisha akamlaumu kwa udokozi, naye atoe hesabu yake.

Lakini kwa sababu gharama ni ya kweli, si haki mtu mmoja aachwe aibebe peke yake. Hapa twasema nanyi wazazi na jamaa. Mara nyingi rushwa haianzi ofisini, huanzia nyumbani. Kijana apata kazi leo, na kesho aulizwa mbona hajajenga. Mwenzake aliyeajiriwa mwaka mmoja naye ana gari. Yeye aitwa mjinga. Mke amlaumu, mjomba amsema kwenye kikao cha harusi, na hakuna mtu amwulizaye yule mwenye gari amelipata wapi. Jamaa inayomcheka mwaminifu imekwisha kushika upande wa pili wa mlungula. Nasi mapadre yatupasa kuangalia sana wakati wa harambee, kiti cha mbele kisiwe haki ya yeyote mwenye bahasha nene. Na Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamezifanya kuwa msingi wa uchungaji wao, ziwe kimbilio. Mwanajumuiya akipoteza kazi kwa sababu alikataa uovu, huo nao ni msiba. Aendewe kama wafiwa wanavyoendewa, na daftari lifunguliwe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba maneno haya yawahusu wakaguzi wa mpakani tu. Wengi wetu hatutatekwa na mtu kwa sababu ya wema wetu, na kuna hatari tukamsifu shahidi huyo ili tujipatie udhuru wa kukaa kando. Tutazame ile lumbesa. Mkulima wa vitunguu au viazi huambiwa ajaze gunia mpaka liungwe juu kwa kipande cha gunia jingine, lipite kilo 100, naye alipwe bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yaukataza mtindo huo, lakini haujakoma, maana mnunuzi ajua kwamba mkulima ana shida. Je, wako wangapi kati ya wanunuzi hao walio Wakristo? Na mkulima naye, atiaye mchanga katika pamba au maji katika maziwa, asijifiche nyuma ya unyonge wake. Tumtazame pia konda wa daladala awasukumaye wanafunzi mlangoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Mtoto huyo atachelewa shule, atakosa somo la kwanza, na konda hatajua. Mkristo mwenye kazi hiyo, akimnyoshea mtoto mkono na kumpandisha, ametenda jambo ambalo halitaandikwa popote hapa duniani.

Mwisho kuna jirani mwingine, wa ajabu kuliko wote: yule aliye mbele ya macho yetu, nasi hatumwoni. Katika nyumba nyingi za Wakristo yumo msichana wa kazi. Huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Huwaandaa watoto waende katekisimu, naye hapewi nafasi ya kwenda. Mshahara wake "umetunzwa" kwa miezi mitatu, na akiuomba ahesabiwa mkaidi. Familia husali rozari sebuleni, naye yuko jikoni akisugua sufuria. Mtakatifu Yakobo aandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji hulia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Twaogopa kwamba kilio cha namna hiyo kinapanda mbinguni kutoka nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Msichana huyo alipwe. Aketi mezani. Aitwe kwenye sala. Huko ndiko kuanza.

Labda mtu atauliza: kama Mwislamu ni mwaminifu katika biashara yake, na asiye na dini pia aweza kuwa mwaminifu, imani yetu yaongeza nini? Wema haukuwa milki yetu sisi pekee, nasi twafurahi tunapouona popote. Imani haituongezei mizani nyingine, wala ujira mwingine. Yatuongezea macho. Yatuambia kwamba nyuma ya kila karatasi, kila kopo na kila gunia yupo mtu, na ndani ya mtu huyo yupo Bwana. Asiye na macho hayo aweza kuwa mwaminifu mpaka gharama itakapomshinda. Naye mwenye macho hayo, akiyafumba, hukumu yake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo twazishauri familia jambo moja jepesi. Jioni, wakati wa sala, kabla ya kusema majuto, kila mmoja ajiulize kimya: kazi ya mikono yangu ya leo itamfikia nani ambaye sitamwona kamwe? Mwalimu awafikirie wajukuu wa wanafunzi wake. Mwuguzi amfikirie yule wa mwisho kwenye foleni aliyerudi nyumbani bila kuhudumiwa. Mwenye duka amfikirie mtoto aliyetumwa sukari, asiyejua kusoma mizani. Halafu kila mmoja amwombee mtu huyo, na kesho arekebishe linaloweza kurekebishwa.

Injili ya Mtakatifu Mathayo yatuonyesha siku ya mwisho, kondoo kuume na mbuzi kushoto. Mara nyingi twaisoma bila kuangalia kwamba pande zote mbili zauliza swali lile lile: Bwana, ni lini tulikuona? Waliookoka hawakumwona, na waliopotea hawakumwona. Waliolisha na waliokataa kulisha walikuwa sawa katika hilo. Tofauti yao ilikuwa katika waliyoyatenda wakati Bwana alipokuwa haonekani.

Kesho ni siku ya kazi. Bwana atapita penye meza zetu na mizani yetu, na hatutamtambua.